Sababu ya Kuuza

Daftari langu la zizi lina doa la chai kwenye jalada.
Ukurasa wa mwezi wa nne nimeandika:
Tuiya. Lita tano. Mvivu. Auzwe.

Mbugua wa bucha alikuja na lori kutoka Elburgon,
akampigapiga mgongoni kama abishaye hodi kwa jirani,
akahesabu noti kwa kidole kilicholambwa.
Tuiya alipanda ubao bila ubishi.
Mvivu hata wa kugoma, nikasema, watu wakacheka.
Mama mkwe, Tabutany, hakucheka.
Alishinda kutwa ameshika ile kamba tupu.

Wa pili Krismasi, mzaliwa wa tarehe ishirini na sita.
Lita sita, lita nne, sita tena, tatu.
Nikaongeza pumba. Nikaongeza chumvi. Nikaongeza matusi.
Naye akaenda.

Waliobaki walikuwa wazima:
pua zina umande, manyoya yanateleza,
maziwa meupe.
Nani atautilia shaka weupe?

Ndipo akaja Kwamboka, daktari wa ushirika,
buti zimejaa matope ya Turi,
mkononi sahani ya plastiki yenye vikombe vinne,
kila chuchu na kikombe chake,
na chupa ya dawa rangi ya zambarau.
Nikamwambia aanze na Malkia,
lita kumi na nane,
ambaye wageni wangu humwona kabla ya kumwona mtoto.

Akakamua kidogo, akamimina dawa,
akaizungusha sahani taratibu, kama apepetaye mchele.
Kikombe cha kwanza, maji.
Cha pili, maji.
Cha tatu kikaanza kuvutana,
kikawa kizito, chenye kunata,
kama kamasi la mtoto asubuhi ya baridi.
Cha nne vilevile.

Lakini hana uvimbe, nikasema.
Hana.
Anakula. Hana homa.
Hana.
Basi ameupata lini?
Kwamboka hakujibu. Aliniangalia mikono.

Kitambaa.
Kile cha kijani, kipande cha shuka ya mwanangu.
Kitambaa kimoja, ndoo moja, ng'ombe saba.
Kila alfajiri nilianza na Malkia, kwa heshima yake,
kisha nikamfuta Tuiya kwa maji yaleyale,
kisha Krismasi.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale.
Changu nilikikamua vizuri,
nikakitundika msumarini kikauke,
nikakitumia tena jioni.

Kwa hiyo niliuza walioshindwa kuficha.
Lori lilibeba ng'ombe wawili,
ugonjwa ukabaki umesimama hapa, umenona,
unacheua, unanitazama kwa macho mazuri.
Labda Tuiya alikuwa nao. Labda hakuwa nao,
alikuwa na njaa tu, au uzee, au mimi.
Hakuna aliyempima. Sahani haifiki buchani.

Sasa vitambaa ni saba, vinachemshwa.
Tabutany amechana shuka nyingine bila kuniuliza.
Malkia anakamuliwa wa mwisho,
na maziwa yake tunayamwaga shimoni nyuma ya choo,
siku ya tano leo.
Paka anakuja kutazama, tunamfukuza.
Kuhusu robo zile mbili za nyuma Kwamboka alisema:
moja huenda ikapona.
Alisema huenda mara mbili, nikahesabu.

Mbugua amepiga simu. Amesikia. Elburgon si mbali.
Bei aliyotaja ni nzuri kuliko ya Tuiya,
maana Malkia ana nyama, ana sura,
na kwenye ndoano hakuna ajuaye kusoma kiwele.
Nimemwambia nitampigia.

Usiku nimechukua raba ya mtoto
nikafuta lile neno, Mvivu.
Karatasi imechubuka.
Ukiinamisha taa bado linasomeka,
na mahali pake sijui niandike nini.
Krismasi bado sijamfikia.
Saa kumi na moja natakiwa kukamua.